Kijito kimoja, sheria mbili? Naomba mnifafanulie kanuni za trauti kwenye maji ya umma

mshipi_mwepesi aliandika:

Habari zenu wanajukwaa. Kuna jambo limeninyima usingizi tangu Jumamosi, naomba wenye uzoefu mnisaidie.

Huu ni msimu wangu wa pili wa kuvua trauti, wale samaki wa maji baridi. Leseni ninayo, nimeilipia, natembea nayo kwenye mfuko wa kifuani ndani ya nailoni isilowe. Kijito ninachovua ni cha umma, na pale pa kuegesha magari kuna kibao kikubwa kinachosema hivyo. Jumamosi niliingia darajani alfajiri nikapanda na mto taratibu, nikivua kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu. Kwenye saa tatu nikapata trauti wa kahawia, nikamweka. Baadaye kidogo nikapata wa pili, mnene kuliko wa kwanza, kwenye kidimbwi chini ya mwamba. Naye nikamweka.

Nilipozunguka kona yenye mti ulioangukia maji nikamkuta ofisa wa uvuvi ameketi juu ya jiwe. Akasalimia vizuri, akaomba leseni, akaikagua, akanirudishia. Akaomba kuona samaki. Akawalaza kwenye ubao wake wa kupimia mmoja baada ya mwingine, wote wakafika urefu. Nikadhani tumemaliza. Ndipo akaniuliza, "Umewapata wapi hawa?"

Nikamwonyesha: mmoja kule chini karibu na daraja, mwingine pale kwenye mwamba. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba kuanzia pale kijito kidogo kinapoingilia ukingo wa kushoto, sheria ni nyingine. Huko samaki wote wanarudishwa majini, chambo ni bandia pekee, na ndoana haitakiwi kuwa na kijino, kile kincha kidogo kinachozuia samaki asichomoke. Akaomba nifungue kisanduku changu. Ndani mlikuwa na kopo dogo la nyungunyungu. Sikuwa nimewagusa siku hiyo, nilikuwa nao tu. Hata hao akawaandika.

Hakunitoza faini. Alinipa karatasi ya onyo, akachukua yule samaki wa pili, akaniambia nikasome kijitabu cha kanuni upya. Nimekisoma mara tatu na kila nikifika mwisho nachanganyikiwa zaidi. Ukurasa wa mbele unanipa idadi ya trauti kwa siku, halafu unaniambia "isipokuwa pale ilipoelezwa vinginevyo", halafu zinafuata kurasa na kurasa za majina ya mito.

Maswali yangu ni haya. Inawezekanaje kijito kimoja kiwe na sheria mbili, tena bila uzio wala kamba katikati? Na huyo kijito wa kushoto yuko wapi, maana naapa sikuona maji yoyote yakiingia kushoto kwangu? Nyungunyungu aliyefungiwa kwenye kopo ana kosa gani? Halafu kijitabu kinataja kikomo cha siku na kikomo cha kumiliki, hivi si kitu kimoja? Na la mwisho: huko juu kuna mtu amevuta waya juu ya maji kutoka ukingo hadi ukingo. Kama kijito ni cha umma, huo waya umefikaje pale?

Sitaki kuvunja sheria. Napapenda mahali pale kuliko mahali pengine popote ninapokwenda.

---

kina_kirefu aliandika:

Pole ndugu. Onyo ni jambo la kushukuru, kwa kuwa samaki aliyetolewa kwenye maji ya kurudisha huwa anahesabiwa faini kwa kichwa. Subiri Mzee wa Makutano apite hapa, hayo mambo ya mipaka anayajua kwa undani.

---

Mzee wa Makutano aliandika:

Kijana, pole na safari. Nimevua trauti miaka thelathini na moja, na karatasi za onyo kama hiyo yako ninazo mbili, zote za miaka ya mwanzo. Nitakueleza kama ambavyo ningependa mtu angenieleza mimi wakati ule.

Wewe ulisoma sheria ya samaki, hukusoma sheria ya maji. Wengi wanafungua kijitabu wakitafuta "trauti ni wangapi kwa siku", wakishaipata namba wanakifunga. Ile namba ni ya maji ambayo hayakutajwa kwa jina. Karibu kila mahali penye trauti, kanuni zimepangwa kwa tabaka mbili. Chini kuna kanuni ya jumla inayofunika mito yote ya eneo. Juu yake kuna orodha ya mito iliyotajwa, kila mmoja na mstari wake. Mstari ukisema jambo, wenyewe ndio unaoshinda. Mstari ukilinyamazia jambo, kanuni ya jumla inabaki pale pale. Kwa mfano, mstari ukisema "chambo bandia pekee" na usitaje idadi, idadi yako ni ile ya ukurasa wa mbele. Ukisema "samaki wote warudishwe" na usitaje miezi, bado unafungwa na tarehe za msimu za kanuni ya jumla. Hapo ndipo watu wengi wanajikwaa: wanasoma tabaka moja wanadhani limefuta lingine lote.

Kwa hiyo anza na swali moja kabla hujafunga ndoana: nimesimama kwenye maji gani, kuanzia wapi mpaka wapi? Chukua kalamu uandike majibu. Mipaka hiyo huwekwa kwenye vitu visivyohama, yaani daraja, makutano, bwawa, maporomoko. Utasoma kitu kama "kutoka makutano na kijito fulani kupanda hadi daraja la pili". Neno "kupanda" lina uzito wake. Na ukiona "pamoja na vijito vyake vyote", basi hata mfereji unaouruka kwa hatua moja umo ndani.

Sasa huyo kijito wako wa kushoto. Ulikuwa unapanda mto, uso umeuelekeza kunakotoka maji. Watu wa mito wanataja kingo kwa kutazama kule maji yanakokwenda. Ukingo wa kushoto wa mto ni ule ulio kushoto kwako ukiyapa mgongo maji yanayokuja. Ulivyokuwa unatembea wewe, huo ulikuwa mkono wako wa kulia. Ulikipita hicho kijito kijana, ila ulikuwa unatazama upande mwingine. Rudi ukaangalie kulia, na nina hakika utakikuta. Kosa hilo hilo nililifanya mimi mwaka wangu wa tatu, nikatembea saa nzima ndani ya maji yaliyofungwa.

Kwa nini wakigawe kijito kimoja mara mbili? Mara nyingi maji yenyewe yameshagawanyika kabla ya sheria. Huko juu kuna chemchemi, maji ni baridi mwaka mzima, changarawe ni safi, na samaki wanazaliana wenyewe. Chini maji yanapata joto, matope yanaongezeka, na samaki wengi wameletwa kwa gari kutoka vituo vya kuzalishia. Samaki wa chini wamewekwa pale ili wavuliwe. Wa juu ndio mbegu. Jimbo la Pennsylvania huko Marekani lina maji ya aina moja inayoonyesha mantiki hii vizuri sana: miezi ya baridi na masika samaki wote wanarudishwa, halafu kuanzia tarehe 15 Juni unaruhusiwa kuchukua wachache waliofika urefu. Sababu ni kwamba vijito hivyo vikishapata joto la kiangazi wengi wa wale waliopandikizwa hawatapona, basi afadhali waliwe. Ukishaielewa sababu, tarehe hukaa kichwani yenyewe.

Nyungunyungu. Kwenye maji ya chambo bandia, sheria za sehemu nyingi hazikatazi kutumia chambo cha kuliwa tu, zinakataza hata kuwa nacho unapovua. Ofisa hawezi kukaa nyuma yako kutwa nzima akitazama ulichofunga. Kopo likiwa mfukoni, yeye anaona kopo. Na kuna sababu ya samaki pia: trauti akila nyungunyungu anameza, ndoana inafika kooni au kwenye matamvua, na huyo hata ukimrudisha ana nafasi ndogo ya kuishi. Kwenye nzi bandia anagundua udanganyifu mapema, ndoana inashika mdomoni. Angalia pia maneno yenyewe, kwa sababu "chambo bandia pekee" na "nzi bandia pekee" si kitu kimoja. Kwenye la kwanza kijiko cha chuma kinachozunguka kinaruhusiwa, kwenye la pili hakiruhusiwi. Na ule unga wa rangi wenye harufu unaouzwa kwenye vichupa, hata kama umetengenezwa kiwandani, kwa kawaida unahesabiwa kuwa chambo cha kuliwa.

Kijino cha ndoana hakihitaji ununue ndoana mpya. Chukua koleo dogo, kibane mpaka kilale kabisa, kisha pitisha ndoana kwenye kitambaa cha pamba. Ikiingia na kutoka bila kuvuta uzi, imekubalika. Ikinasa, bana tena. Maofisa niliowahi kukutana nao walipima hivyo hivyo, kwa kitambaa. Fanya hivyo nyumbani mezani, kwa mwanga mzuri. Ukiwa mtoni vidole vimekufa ganzi utabana nusu uone inatosha.

Kikomo cha siku na kikomo cha kumiliki ni vitu viwili. Cha siku ni wale unaoruhusiwa kuchukua kati ya usiku wa manane mmoja na mwingine. Cha kumiliki ni jumla ya wote walio mikononi mwako kwa wakati mmoja, na sehemu nyingi hiyo ni pamoja na walioko kwenye friza nyumbani. Mtu anavua Ijumaa, anavua Jumamosi, anavua Jumapili, kila siku yuko ndani ya idadi, na Jumapili jioni ana samaki wengi kuliko anaoruhusiwa. Unayemwachilia hapo hapo akiwa mzima kwa kawaida hahesabiwi. Ukimtunga kwenye kamba, halafu ukapata mkubwa ukataka kumbadilisha, umechelewa. Huyo wa kwanza ni wako tayari.

Na hapa nikuambie jambo ambalo ofisa wako hakulisema, nadhani kwa huruma. Yule samaki wa kwanza ulimpata kihalali kule chini, halafu ukapanda naye mpaka kwenye maji ya kurudisha. Sehemu nyingi hilo peke yake ni kosa, kwa sababu ukikutwa na samaki kwenye maji yale hakuna namna ya kuthibitisha alikotoka. Ukivuka mpaka, samaki arudi kwanza kwenye gari. Mimi hubeba kipande cha kamba nyekundu, nikifika mpakani naifunga kwenye kishikizo cha ufito kama alama ya kujikumbusha. Na usimkate kichwa wala mkia kabla hujafika nyumbani, maana samaki asiye na mkia hapimiki.

Limebaki la waya. Neno "umma" hapa linafunika vitu vitatu tofauti: samaki, maji, na ardhi iliyo chini na kando ya maji. Mara nyingi samaki na maji ni mali ya wote lakini ardhi ina mwenyewe. Kila mahali pameamua hilo kivyake. Jimbo la Montana huko Marekani wana sheria ya mwaka 1985 inayokuruhusu kutumia mto mpaka alama ya kawaida ya maji ya juu, hata kama pande zote mbili ni shamba la mtu, mradi usikatize shamba lake kufika mtoni. Vuka ukaingia jimbo jirani la Wyoming, mambo yanageuka: kwa uamuzi wa mahakama wa mwaka 1961 unaweza kuelea kwa mtumbwi juu ya maji hayo, lakini ukishuka ukakanyaga chini ambapo ardhi ni ya mtu, umeingia kwake. Milima ni ile ile na samaki ni yule yule. Kwa hiyo huo waya wako unaweza kuwa wa kuzuia ng'ombe tu, unaweza kuwa mpaka halali, na unaweza kuwa umewekwa na mtu asiye na haki ya kuuweka. Usiukate, wala usibishane na mwenye shamba. Piga simu ofisi ya uvuvi, uwaambie uko umbali gani kutoka darajani, uwaulize. Kazi hiyo ni yao, na mimi sijawahi kupiga nikajibiwa vibaya.

---

binti_changarawe aliandika:

Mzee shikamoo. Naomba niongezee mawili, kwa sababu mimi kila mwaka najitolea kuhesabu viota vya trauti, na mambo haya nayaona kwa macho.

Kwanza ni viota. Mshipi_mwepesi, ukienda wakati wa kutaga, simama ukingoni kwanza utazame chini kabla hujatia mguu. Jike anajilaza ubavu na kupiga changarawe kwa mkia mpaka anachimba shimo, anataga, kisha anahamia mbele kidogo na kupiga tena ili changarawe iyafunike mayai. Pale alipogeuza mawe panakuwa peupe kuliko pembeni, kwa sababu mawe yamepoteza ule utelezi wa kahawia. Umbo lake ni kama yai refu, shimo upande wa juu na kichuguu upande wa chini. Mayai yanakaa humo wiki nyingi, kwenye maji ya baridi sana hata miezi. Kiatu kimoja kwenye kichuguu kinatosha kuyasaga. Trauti wa kahawia na trauti wa vijito wanataga majira ya vuli, trauti wa upinde wa mvua kwa kawaida majira ya kuchipua. Ndiyo maana tarehe za kufunga msimu zinatofautiana kati ya mto na mto: inategemea nani anataga humo. Ukisoma tarehe za nusu ya kusini ya dunia, geuza miezi. New Zealand mito mingi hufunguliwa tarehe 1 Oktoba.

Pili ni kumtambua samaki. Kuna mistari inayotaja spishi kwa jina, na usipomjua uliyemshika huwezi kuifuata. Trauti wa kahawia ana madoa meusi na mengine mekundu yenye duara jeupe kuzunguka, na mkiani madoa ni machache au hayapo. Wa upinde wa mvua ana vidoa vidogo vyeusi vilivyojaa mpaka mkiani na mstari wa waridi ubavuni. Wa vijito ni kinyume chao: mwili mweusi, madoa mepesi, na mapezi ya chini yana ukingo mweupe kama uliochorwa kwa chaki. Kule kaskazini-magharibi mwa Marekani yuko mmoja anayelindwa na sheria ya nchi tangu miaka ya 1990, anaitwa bull trout, na kinachomtofautisha haraka ni kwamba pezi lake la mgongoni halina doa jeusi hata moja. Mtu asiyejua anamchukulia kuwa wa vijito, anampeleka nyumbani, na hapo si onyo tena.

Lingine ambalo halimo kwenye kijitabu kilichochapishwa ni joto. Maji ya nyuzi 10 hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 20 kama 9 hivi. Samaki huyo huyo anahitaji pumzi zaidi maji yanapopanda joto, na pumzi yenyewe imepungua. Ndiyo maana katikati ya kiangazi ofisi hutoa amri za dharura. Montana, mto ukifika nyuzi 23 za Selsiasi siku tatu mfululizo, wanaweza kuufunga kuanzia saa nane mchana mpaka saa sita usiku. Amri kama hizo hutoka wakati kijitabu kiko mfukoni mwako tayari, kwa hiyo angalia tovuti ya ofisi asubuhi ile ile unapoondoka. Mimi nina kipimajoto nilichokifunga kamba. Kikisoma nyuzi 20 nafungasha, sheria iseme isiseme.

---

achilia_wote aliandika:

Mimi naona mnamtisha kijana bure. Njia rahisi ipo: usiweke samaki yeyote. Vua, mwachilie, nenda nyumbani. Ukiachilia wote hakuna idadi ya kuhesabu, hakuna urefu wa kupima, hakuna friza. Nimefanya hivyo miaka sita na kijitabu sijakifungua.

---

Mzee wa Makutano aliandika:

Achilia_wote, moyo wako ni mzuri na nakuheshimu kwa hilo, lakini ushauri huo utamwingiza kijana matatani.

Msimu uliofungwa umefungwa kwa kila mtu, hata anayeachilia. Sheria haisemi usichukue, inasema usivue. Samaki anayetaga akivutwa na mshipi dakika tano anachoka wakati anahitaji nguvu zote, na binti hapo juu ameshaeleza kuhusu miguu kwenye viota. Kanuni ya vifaa nayo inakuhusu ukiwa unaachilia, tena zaidi. Maji ya kurudisha ndiyo hasa yanayodai ndoana isiyo na kijino. Hata viatu vina sheria: New Zealand walipiga marufuku nyayo za manyoya yaliyogandamizwa (felt) mwaka 2008, kwa sababu mwani uitwao didymo, ulioonekana huko kwa mara ya kwanza mwaka 2004, unajificha kwenye unyevu wa nyayo hizo na kuhamia mto mwingine.

Na kuna maji ambako kumwachilia samaki ndiyo kosa. Katika Ziwa Yellowstone, ndani ya hifadhi ya taifa ya Yellowstone huko Marekani, trauti wa ziwani aligunduliwa mwaka 1994. Si mwenyeji wa pale, na anamla trauti mwenyeji, yule mwenye mkato mwekundu chini ya taya. Mwenyeji huyo hupanda vijito kutaga, na dubu na ndege wa huko walikuwa wakimtegemea kwa chakula. Trauti wa ziwani anataga kule kule kwenye kina, dubu hamfikii. Kwa hiyo kanuni ya hifadhi iko wazi: mwenyeji ukimshika mrudishe, trauti wa ziwani ukimshika kwenye ziwa lile muue. Mtu mwenye desturi ya kuachilia wote, akifika pale bila kusoma, anakosea kwa nia njema kabisa.

Kifungue hicho kijitabu ndugu yangu. Tafuta jina la mto wako tu, usome mstari wake.

---

achilia_wote aliandika:

Nimekifungua. Mto wangu umo. Kumbe kwenye sehemu ninayopenda mwisho ni ndoana moja kwa mshipi, na mimi siku zote nafunga nzi wawili. Asante mzee.

---

mshipi_mwepesi aliandika:

Mzee wa Makutano, shikamoo, na samahani kwa kuchelewa kurudi. Nilitaka kwanza niende nikaone.

Nimekwenda leo bila ufito, na kijitabu na kalamu tu. Nilianzia darajani nikapanda kama siku ile, ila safari hii nikitazama kulia. Kama hatua mia nne juu ya daraja kuna kichaka cha matete, na nyuma yake maji yanaingia, membamba kama upana wa mlango, hayana kelele kabisa. Nilitia mkono wangu wa kulia kwenye yale maji na wa kushoto kwenye mto mkubwa kwa wakati mmoja. Yale ya kijito yaliuma kwa baridi. Nilikaa pale muda, nikaelewa kwa nini mpaka uliwekwa hapo.

Kibao kipo. Kimepigiliwa kwenye mti upande wa ndani, tawi limekua likakifunika nusu, na maandishi yanatazama kule juu, yaani anayeshuka ndiye anayekiona vizuri. Nimepiga simu ofisini nikawaeleza, wakasema watatuma mtu akate tawi na kuongeza kibao kingine upande wa chini. Nikawauliza na kuhusu waya. Wakaniambia ule ni wa ng'ombe, mwenye shamba amekubaliana nao kwamba wavuvi wapite chini yake mradi wasitoke majini. Makubaliano hayo yameandikwa mwishoni kabisa mwa kijitabu, kwenye ukurasa ambao sikuwahi kuufikia.

Binti_changarawe, nilisimama ukingoni kama ulivyosema. Juu ya kile kidimbwi cha mwamba, pale nilipompata yule samaki wa pili, kuna sehemu mbili nyeupe kwenye changarawe, zenye umbo kama ulivyoeleza. Nimezichora kwenye jalada la kijitabu pamoja na umbali kutoka mwambani. Je, nikupe vipimo kwa ujumbe wa faragha, au kuna fomu maalumu ya kujaza?

---

binti_changarawe aliandika:

Nitumie kwa faragha, pamoja na tarehe na joto la maji kama ulipima. Na kama una nafasi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tunahesabu kipande kile kile kuanzia makutano kupanda. Njoo na viatu vya mpira visivyo na manyoya, vikauke kabisa kabla hujafika.